Macho ya Mpima Muda

Harufu ya saruji iliyomwagiwa maji hunirudisha Nunguni, kwenye ukumbi wa kanisa letu, muhula ule tuliporusha ndege ndani ya nyumba. Kila Jumamosi tulinyunyiza sakafu maji ili vumbi litulie, tukaziba madirisha kwa magunia, kisha tukangoja hewa nayo itulie. Ndege zetu zilikuwa nyepesi kiasi kwamba mtu akipiga chafya ziliyumba. Kiunzi tulikichonga kutoka bua la ua la mkonge lililokauka, mabawa tukayafunika kwa nailoni ya mifuko ya dukani, na pangaboi la mbele likazungushwa na uzi wa mpira tuliokata kwenye tyubu ya baiskeli. Ukiusokota mpira huo polepole na kuiachilia ndege, ilipanda ikizunguka chini ya paa bila sauti yoyote.

Kanuni zililetwa na Mwalimu Mutua, aliyetufundisha useremala. Alitueleza kwamba kurusha ni kazi moja na kuthibitisha ni nyingine. Muda ulipimwa na watu wawili, kila mmoja na saa yake ya kupimia mbio, wakiketi mbalimbali ili mmoja asichungulie ya mwenzake. Saa ilianza ndege ilipotoka mkononi, ikasimamishwa ilipogusa sakafu. Ikinasa kwenye boriti, muda ulikomea hapo. Kisha tulichukua wastani wa saa zote mbili. Kanuni aliyoirudia zaidi ni kwamba mpima muda haondoi macho kwenye ndege. Akiyaondoa, hata kidogo, mruko haukubaliwi, kwa sababu hapo hashuhudii tena, anakisia.

Rekodi ya ukumbi ilikuwa ya Kioko, na jina lake lilikaa ubaoni. Ndege yangu aliiita kuku, akisema ingeruka tu ikifukuzwa. Nilitaka sana jina langu liandikwe pale kabla shule hazijafungwa, maana nyanya yangu, Susu, alikuwa anakuja kututembelea kutoka Tulia. Alikuwa amekataa katakata kuamini habari za ndege isiyo na injini.

Alifika Jumamosi ya mwisho, ndege yangu ikiwa tayari hewani. Mwalimu alikuwa na saa moja, na rafiki yangu Mutheu alikuwa na ya pili. Sote tulihisi kwamba nimempita Kioko. Mlango ukafunguliwa, Susu akaingia. Mutheu, kama alivyolelewa, alisimama, akainama kidogo na kumpa mkono. Upepo wa mlangoni uliiyumbisha ndege, ikajirekebisha, ikazunguka tena, kisha ikagusa sakafu karibu na benchi la wanakwaya. Saa zote mbili zilionyesha rekodi mpya. Tulikuwa tumeanza kushangilia mwalimu alipoinua mkono.

"Mutheu, ulikuwa unaiangalia?"

"Hapana, mwalimu. Nilikuwa nasalimia Susu."

"Basi mruko huu hatuuhesabu."

Nilisokota mpira tena, lakini ulikuwa umechoka, ukakatika mikononi mwangu, na mwingine hatukuwa nao. Susu alipoelezwa yaliyotokea, alivuta benchi hadi mlangoni, akaketi. "Sasa mwenye salamu atanipata hapa," akasema. Jina la Kioko lilibaki ubaoni hadi tukafunga shule. Tukitoka alinijia upande, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kuku wako ameruka."

Siku hizi nafundisha watoto Kathonzweni. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku, kwa hiyo mabawa tunayafunika kwa karatasi laini, na ndege zinaruka vizuri tu. Watoto hurekodi miruko kwa simu, nami nafurahi, ingawa simu nayo huipoteza ndege inayopita nyuma ya boriti. Kwa hiyo bado naketisha wapima muda wawili mbalimbali, na ndani ya mlango naweka benchi na mtu wa kupokea salamu. Ukitaka kuanza na watoto wako, anza na benchi hilo. Kabla sijauliza saa inasema nini, nauliza swali lile la Mwalimu Mutua. Muhula uliopita msichana mmoja alinijibu kwamba hapana, alikuwa amepangusa jasho machoni. Ndege ilikuwa ya kaka yake, na tayari nilikuwa nimeshika chaki niandike jina lake ubaoni. Niliirudisha chaki mfukoni, nikamwambia kaka yake asokote mpira upya, na saa nikaiacha mikononi mwa yule msichana.