Koti la Kwenye Kiti

Katika ofisi ile ya ghorofa ya tisa, kila mtu alikuwa na makoti mawili: la kuvaa na la kuacha. La kuvaa lilirudi nyumbani na mwenyewe, likibahatika. La kuacha lilikaa mgongoni mwa kiti siku zote saba za wiki, mabega yametanuliwa vizuri, ili bosi akipita aseme moyoni kwamba mwenye kiti yupo, pengine kaenda msalani. Hakuna aliyefundishwa ujanja huu. Mtu aliajiriwa Jumatatu, na kufika Ijumaa alikuwa keshaleta koti la pili. Sheria ilikuwa moja tu: ukiulizwa mwenzako yuko wapi, usiseme katoka. Sema, "Yupo, koti lake hilo."

Mtu wetu ndiye aliyekuwa na la kuacha zuri kuliko wote, la buluu iliyokoza, kwa sababu baba yake alikuwa fundi cherehani na alimshonea mwenyewe mwaka alioajiriwa. Kwa miaka saba koti hilo halikushuka kitini ila kwenda kwa dobi. Ukitaka ukweli, lilikuwa mfanyakazi bora kuliko yeye. Halikuwahi kusinzia wala kuomba ruhusa ya msiba.

Majirani wa nyumbani kwao walisikia neno "benki" wakamletea shida za kadi zilizomezwa na mashine. Aliwaeleza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu akachoka. Benki yao haikuwa na dirisha la kuweka wala kutoa. Ilikuwa benki ya uwekezaji: kampuni kubwa ikitaka kuuza kiwanda au kumeza kampuni nyingine, wao huitafutia wa kuuziana naye, huipigia hesabu ya thamani, kisha huandika kitabu. Kitabu hicho ndicho kilichowala. Kilikuwa na kurasa tisini, michoro kila ukurasa, na kilirudishwa mezani mara kumi na tano kwa sababu rangi ya kijani imefifia, au mstari mmoja umepanda juu ya mwenzake kwa upana wa unywele. Siku ya mkutano mteja alifungua ukurasa wa nne, akauliza bei, akafunga.

Aliyekirudisha ni bosi waliyemwita Kidogo Tu. Jina alijipa mwenyewe bila kujua, kwa kuwa kila Ijumaa jioni watu wakianza kufunga mikoba alitokeza mlangoni akisema kuna kazi kidogo tu. Kidogo hicho kilikula Jumamosi yote na nusu ya Jumapili.

Nyumbani nako mtu wetu alikuwa na jina. Dada yake, mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa na baba yao, alimwita Nakuja. Ukimpigia simu ukauliza mbona hatukuoni, hujibu "nakuja," na sauti yake husadikisha kabisa. Alikosa ubarikio wa kanisani wa mtoto wa dada huyo akiwa njiani anakuja. Mchumba wake wa miaka mitatu aliolewa na mtu mwingine, naye alikuwa bado anakuja.

Tusimwonee, lakini. Kazi ile ililipa. Paa la nyumba ya baba lilitoka mfukoni mwake, na ada ya chuo ya dada, na hospitali ya marehemu mama hadi siku ya mwisho. Mara moja tu, kwa hasira, alichukua mshahara akaugawa kwa saa alizokaa pale. Akakuta kwa saa moja hampiti sana dereva wa Kidogo Tu, na dereva analala. Akaifuta ile hesabu upesi kama aliyeona kitu cha aibu. Mwezi wa tatu ingekuja bonasi, na anayeondoka kabla ya siku yake haambulii hata senti. Kila mwaka alijiambia, nikishaipokea tu naaga. Alishaipokea mara sita.

Basi mwaka huu baba yake akampigia simu. Presha ya macho ilikuwa imemla macho taratibu, na daktari kasema lililokwenda halirudi. Kibanda chake cha ushonaji angekirudisha kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo alitaka kushona suti moja ya mwisho, ya mwanawe, kwa kitambaa alichokiweka sandukuni tangu mama yao yu hai. Kilichobaki ni vipimo.

Na hapo ndipo penye mgogoro. Mzee alikuwa na mwiko mmoja ambao mji mzima uliujua: hakati kitambaa kwa vipimo vya zamani. Hata uwe mteja wa miaka thelathini, husimami mbele yake, hakukatii. Alikuwa akisema mwili hauna msimamo. Kwa hiyo alichomwomba mwanawe si pesa. Ni dakika kumi za kusimama wima.

Jumamosi ya kwanza Kidogo Tu alibadilisha mpangilio wa kitabu chote. Ya pili, mnunuzi wa kiwanda cha saruji walichokuwa wakikiuza alidai hesabu za miaka mitano badala ya mitatu. Mtu wetu alipiga simu nyumbani mara zote mbili akasema anakuja, na mara zote mbili aliuma meno baada ya kukata. Ya tatu, akakata shauri. Saa nne asubuhi alilinyoosha koti kitini, akawasha kompyuta, akaacha na simu juu ya meza, kwani koti lenye simu hakuna bosi anayelitilia shaka. Akamwambia jirani yake wa meza, kijana mpole mwenye miwani, "Nilindie." Akashuka kwa ngazi ili asikutane na mtu kwenye lifti.

Alikuta kibanda kimefungwa. Kinyozi wa jirani alimwambia fundi katoka mapema, kavaa shati jeupe, na binti yake ndiye aliyemshika mkono. Hakusema waendako. Mtu wetu akakaa kwenye benchi akasubiri. Nusu saa, saa moja, saa moja na nusu. Hasira ikampanda. Miaka saba anasumbuliwa aje, siku aliyokuja mzee kaenda kutembea! Akajuta kuacha simu. Mwishowe akaogopa Kidogo Tu, akarudi mbio kama mwanafunzi aliyetoroka.

Alipoingia ofisini, jirani wa meza alisimama kabla hajafika.

"Baba yako alikuwa hapa," alisema. "Kaondoka sasa hivi."

Ikabidi asimuliwe kidogo kidogo. Dada alikuwa na kikao cha wazazi shuleni, akamwacha mzee mapokezi, na mzee akapandishwa juu na utepe wake wa kupimia shingoni. Aliona isiwe taabu. Kama mwana hawezi kuja, baba atakwenda. Alipomuulizia, jirani wa meza alijibu lile jibu ambalo ulimi wake ulishalizoea: yupo, koti lake hilo. Mzee akapewa kiti. Baada ya muda akampigia mwanawe, na simu ikalia mezani mbele yake. Kijana akaona huo ndio ushahidi kamili, akasema hata simu yake ipo, hawezi kuwa mbali. Kidogo Tu naye akapita, akaulizia, akajibiwa hivyo hivyo, akaridhika. Baba na bosi wakadanganywa kwa maneno yale yale, ila mmoja alikuwa na shughuli nyingine na mwingine akasubiri saa mbili.

"Kwa nini hukumwambia nimetoka?" mtu wetu aliuliza.

"Ningejuaje kama bosi hasikii?" kijana alijibu, machozi yakimlengalenga. "Halafu akaniomba nimsomee namba. Akalipima koti."

Wiki mbili baadaye, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, dada alileta suti mapokezi imefungwa kwa karatasi. Hakupanda juu. Mtu wetu aliingia nayo msalani akajifungia. Ilikuwa kazi safi, mishono ambayo kipofu mtarajiwa hakupaswa kuiweza, na haikumwenea hata kidogo. Mabega yalimning'inia. Tumboni, vifungo na matundu viliangaliana kwa mbali kama waliogombana. Alijitazama kwenye kioo akamwona mtu aliyejaa kwa chakula cha kwenye makopo ya karatasi na kusinyaa kwa kukosa jua, aliyevaa nguo ya kijana fulani aliyeajiriwa miaka saba iliyopita. Akakaa juu ya kifuniko cha choo akalia kwa hasira, kwanza ya Kidogo Tu, kisha ya kijana wa miwani, kisha ya mzee mwenyewe aliyevunja mwiko wake. Hasira ilipowamaliza wote hao ikamgeukia yeye, ikakaa.

Akampigia baba yake humo humo.

"Baba, umeshona kwa koti la zamani. Wewe si husema hukati bila mtu kusimama?"

"Nilimpima niliyemkuta, mwanangu."

Mzee akaendelea kwa upole, sauti ya mtu anayeongea na mteja, kwamba ameacha akiba ya kitambaa ndani ya mishono, inchi mbili kila upande, kwa sababu hakuliamini lile koti. Kuitoa si kazi kubwa. Ila mwenyewe lazima asimame, na Jumatatu saa nane mchana wanakuja kuchukua cherehani na ufunguo.

"Nakuja," alisema mtu wetu, na palepale akalichukia hilo neno.

Jumatatu hiyo ndiyo siku ya kutia saini kiwanda cha saruji. Kitabu kilikuwa kimeshachapwa na kila tarakimu ilikuwa mahali pake. Kilichobaki ni kukaa na kuonekana. Tena ilikuwa imebaki miezi miwili bonasi itoke, na mwenye akili zake timamu hachezi na miezi miwili ya mwisho. Alijua hayo yote. Aliyapima tangu asubuhi, huku na huku, mpaka kichwa kikamuuma, na mizani haikutulia. Saa sita mchana akainuka, akalitoa koti la buluu kitini, akalikunja mkononi pamoja na suti mpya, akatia simu mfukoni. Safari hii alikwenda kwenye lifti.

Akiwa bado anaisubiri, alisikia sauti ya Kidogo Tu nyuma yake, mbele ya kiti kile kitupu. Bosi ambaye kwa miaka saba alikuwa akimuulizia mara moja tu, akionyeshwa koti akaridhika, sasa alikuwa amesimama kabisa.

"Huyu kaacha kazi?"

Kijana wa miwani alitafuta koti la kulionyesha, hakuliona. Mtu wetu naye alilisikia swali. Lifti ikafunguka, akaingia.

Kibandani rafu zilikuwa tupu na cherehani imefungwa kamba. Baba yake alikuwa kakaa kwenye kigoda, utepe shingoni, uso ameuelekeza mlangoni. Alimtambua kwa hatua. Hakumuuliza habari za safari. Alimvua shati lake la ofisini kama alivyokuwa akimvua utotoni, akampitishia utepe kifuani, akazunguka, akaukutanisha kwa vidole.

"Soma," alisema. "Mimi namba sizioni tena."

Mtu wetu akainamisha kichwa. "Arobaini na mbili."

"Koti lilisema thelathini na nane."

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ikanyamaza, ikaanza upya. Mzee aliusikia mtetemo kwenye nguo kabla hajaushusha utepe hadi tumboni.

"Wamekupa ruhusa ya muda gani?"

"Sijaomba, Baba."

Mzee akaulegeza utepe pale kiunoni pake.

"Basi acha kubana tumbo," alisema, "nikupime ulivyo."