Robo Beki

Ndugu yangu si beki. Hajawahi kuwa beki hata siku moja. Nimelisema hili kanisani, jikoni, kwenye basi la jiji na kwenye simu na ndugu zetu walioko Uvira, na bado kila nikienda harusini mtu ananishika mkono na kuniuliza, "Na ule beki yetu, anaendelea?" Nimechoka. Naandika ili nikiulizwa tena niwape karatasi wasome.

Chanzo ni mjomba. Siku hizo tulikuwa tukiishi Beechmont, kusini mwa Louisville, hapa Marekani: mama, mimi, na huyu mdogo wangu ambaye alikuwa amerefuka ghafla mpaka suruali zote zikamkimbia miguuni. Akarudi kutoka sekondari akasema anataka kucheza futboli. Mama alifurahi, kwa sababu kwetu futboli ni mpira, na mpira hauna ubaya. Akamnunulia soksi ndefu nyeupe. Wiki iliyofuata mtoto akaingia ndani na kofia ngumu kama ya mwendesha pikipiki, yenye vyuma mbele ya mdomo. Mama aliichukua akaigeuza huku na huku.

"Mu mpira banavala kofia ya chuma juu ya nini?" aliuliza.

Nilianza kueleza kwamba futboli ya Wamarekani ni mchezo mwingine kabisa, mpira wenyewe umechongoka pande mbili kama papai, na unachezwa kwa mikono. Sikufika mbali. Mjomba alikuwa kitini anakunywa chai. Mjomba anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala, na tangu apewe mashine hiyo anaamini Kiingereza chote kimepita mikononi mwake. Akamuuliza mtoto anacheza nafasi gani. Mtoto akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: kotabeki.

"Bon," mjomba akasema, akaweka kikombe chini. "Kota ni robo. Beki ni beki. Donc, eko robo beki."

Basi, ikawa hivyo. Ukweli unavaa viatu, uongo umeshafika sokoni.

Lazima niseme kwa nini neno hilo lilimtuliza mama, maana bila hivyo mtamwona ni mjinga, na mama yangu si mjinga. Baba yetu alitoka asubuhi moja kwenda shambani, kule Fizi nchini Kongo, akarudishwa na majirani ndani ya shuka. Mama alimfunga ndugu yangu mgongoni, mimi nikashika upindo wa kitenge chake, tukatembea mpaka ziwani, tukavuka, tukafika kambini Tanzania. Huko kitu cha kwanza alichofanya ni kumvua mtoto nguo na kumkagua vidole vyote, vya mikono na vya miguu. Vilikuwepo vyote. Tangu siku hiyo mama ana ombi moja tu kwa Mungu: mtoto huyu abaki mzima. Haombi gari, haombi nyumba. Mzima tu.

Sasa beki, kwa akili ya mtu yeyote aliyekulia kwetu, ni mtu anayekaa nyuma. Fujo ziko mbele, yeye anangoja. Na ukitazama picha, kweli ndugu yangu anasimama nyuma ya wenzake. Kasoro ni kwamba anasimama nyuma kwa sababu mpira uko kwake, yeye ndiye wa kuutupa, na kila mwanamume wa upande wa pili, wengine wana kilo za ng'ombe, ametumwa kumwangusha kabla hajautupa. Nilimweleza mama hivyo, taratibu, kwa mikono na vijiko juu ya meza.

"Wewe unapenda kubisha," alisema. "Mujomba amesema eko beki."

Kilichomsumbua yeye ni robo. Kwa nini mtoto wake apewe robo? Wengine wamepewa beki nzima? Alinikokota mpaka shuleni siku ya mkutano wa wazazi, akaketi mbele ya kocha na mkoba mapajani, akaniambia nitafsiri, na nisipunguze neno. Sikupunguza. Kocha alinisikiliza, akanitazama, akatazama dari. Kisha akasema mwanawe ndiye mchezaji muhimu kuliko wote uwanjani. Mama akasema kama ni hivyo basi ampandishe cheo. Kocha aliahidi kufikiria. Leo nalipwa kwa kazi ya ukalimani, hospitalini na mahakamani. Wakati ule malipo yangu yalikuwa kuona aibu kwa niaba ya watu wawili kwa mpigo.

Mama hakwenda kumtazama akicheza. Alisema anafanya kazi, na ni kweli, alikuwa akikunja mashuka ya hospitali mpaka vidole vikakauka. Lakini hata siku zake za mapumziko hakwenda. Alikuwa na beki wake kichwani, amesimama nyuma, salama, na nadhani moyoni alijua kwamba akienda uwanjani atampoteza huyo. Kwa hiyo nilikwenda mimi. Ndugu yangu alikuwa akiweka kiti cha mama kila mchezo, pembeni mwa changu, na kila mchezo kiti hicho kilikaliwa na koti langu. Akishamaliza alikuwa akinyanyua macho kwanza kwenye lile koti. Alivyokuwa akinikasirisha! Kila wiki anatazama, kila wiki ni koti lile lile.

Halafu akawa hodari kweli. Ana mkono huyu mtoto, siwezi kumnyima. Watu wa vyuo wakaanza kuja Beechmont na mashati yao yenye nembo, wakivua viatu mlangoni kwa sababu mama aliwatazama miguu. Wale wa Columbus walikuwa watatu. Mama aliwawekea bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki mwenye kichwa chake, akakaa akangoja waanze kula. Mmoja alijitahidi, wawili walisukuma samaki upande huu na upande ule kama wanatafuta kitu kilichopotea.

"Baulize," mama akaniambia, "nani atamulinda mutoto wangu kule?"

Nikauliza. Yule aliyekuwa akila akajibu kwamba asiwe na wasiwasi, wana mstari mzuri kuliko wote nchini. Mstari ndivyo wanavyowaita wale wanaume watano wakubwa wanaosimama mbele ya kotabeki kuzuia wasimfikie. Nikasema, "Anasema wana mstari mzuri sana, mama, yaani mstari wa wa—"

"Mustari?" mama akanikatiza. "Ule wa chokaa? Wanachora chini?"

"Hapana mama, ni mstari wa watu."

Lakini alikuwa ameshaona sahani isiyoliwa, na mbele ya sahani isiyoliwa mama hasikii la mtu. Akawaambia watu wa chuo kikubwa cha Columbus kwamba mtu anayeacha samaki nusu hawezi kumaliza chochote. Niliona ni bora nitafsiri na hilo. Wakacheka, wakamaliza samaki, wakampata mtoto.

Miaka ya Columbus ilikuwa hivyo hivyo ila baridi iliongezeka na barabara ikarefuka. Mimi na koti langu. Mama alituma vyakula kwenye ndoo na maombi kwenye simu. Siku moja ndugu yangu aliangushwa vibaya, akakaa chini muda mrefu, madaktari wakamzunguka, na mimi nikiwa jukwaani simu inaita: mama, anauliza kama nimempa ile ndoo ya maharage. Nikasema bado. Akauliza kama beki wetu hajambo. Nikamwona anasimama, anayumba, anapungia mkono lile koti. Nikasema hajambo. Ningesema nini?

Ukaja wakati wa timu za wanaolipwa kuchagua vijana, moja baada ya nyingine, kwenye televisheni. Kanisa zima lilikuja nyumbani. Siku ya kwanza walikuja na sambusa. Siku ya pili walikuja na ushauri. Siku ya tatu, mchana, mchungaji alikuwa katikati ya sala ya kufukuza roho ya kucheleweshwa pale simu ilipolia: timu ya Buffalo. Mjomba akaruka juu, akapiga kelele kwamba robo beki sasa ni beki kamili. Mama aliuliza jambo moja tu, kama Buffalo ni mbali na kwa dada yake, maana mama mkubwa anaishi huko, mtaa wa Kensington-Bailey, anafanya kazi ya kupakia vipuri kiwandani. Nikasema si mbali hata kidogo. "Bon," akasema, "atakula."

Msimu wake wa kwanza alikaa benchi, na ulikuwa msimu wa raha kuliko yote niliyowahi kuiona. Msimu wa pili kotabeki mwenye nafasi akavunjika mkono. Ndugu yangu akanipigia simu, akazungumza Kiingereza chake cha haraka: anaanza Jumapili, na nimwambie mama aje. Nilimwambia amwambie mwenyewe. Akasema Kiswahili chake hakitoshi. Nikamuuliza kinatosha kuomba sombe lakini hakitoshi hilo? Mwisho akasema anataka aone mama kwenye kile kiti mara moja tu, basi, hataomba tena.

Nilimwambia mama. Akasema Jumapili ni ya Mungu. Hapo nilidhani nimefika ukutani, lakini sikumjua mama mkubwa. Alipiga simu akamwambia mama aje kusali naye Buffalo, kuna shida gani? Tukaenda. Na sikilizeni jambo hili, mnaolijua kanisa la Wakongo: mchungaji wa kule alianza ibada saa tatu kamili na akaimaliza kabla ya saa tano. Alipoinua mikono kutoa baraka tukaona jezi ya timu ndani ya koti la suti. Mama hakuwa na kisingizio kilichobaki.

Alikaa kwenye kiti chake, amefunikwa blanketi mbili, kitenge kimefunika kichwa na nusu ya uso. Ndugu yangu alitoka na wenzake, akanyanyua macho. Akasimama. Mwenzake akamgonga mgongoni ndipo akaendelea kukimbia.

Mara ya kwanza kabisa aliposhika mpira, jitu moja lilipita upande wa kushoto likamwangukia, na jingine likaja juu yake. Watu walipiga ukelele. Mama alisimama, blanketi zikaanguka. Hakulia, hakupiga kelele. Alinishika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Beki eko wapi? Beki ya mutoto wangu eko wapi?"

"Mama, nimekuambia miaka yote hii. Yeye si beki. Yeye ndiye anayewindwa."

Sikulisema kwa upole. Nilikuwa nimelibeba muda mrefu mno. Chini kule, mmoja wa wale watano wa mbele, yule wa kushoto aliyepitwa, mkubwa kama kabati, alifika, akamshika ndugu yangu mkono, akamnyanyua, akamfuta majani kifuani. Nikamwonyesha mama kwa kidole.

"Wale watano. Kazi yao hiyo tu. Hawagusi mpira. Wale ndio mstari."

Mama aliwatazama mmoja mmoja. "Mustari iko batu," alisema.

"Ndiyo mama. Watu."

Kuanzia hapo hakutazama mpira tena. Mpira uliruka, uwanja ulisimama, watu walimwagiana bia. Yeye macho kwa wale watano. Aliwagombeza kwa Kiswahili kizito cha Fizi, hasa wa kushoto: "Weye! Unalala? Angalia uyu anakuja!" Timu ilishindwa. Mama hakujua, wala hakuuliza.

Alichouliza ni wanakula wapi. Ndugu yangu aliposikia kwamba mama anataka wale watano waje kwa mama mkubwa, alifunika uso, akaniomba nimzuie. Mimi? Jumanne wakaja. Ngazi zililalamika, kiti kimoja kikafa. Wakala bugali, sombe, maharage na samaki mpaka kichwa, bila kusukuma kitu. Mjomba, aliyefunga safari kutoka Louisville kwa ajili hiyo, aliwaeleza kwamba wao ni mabeki wasaidizi. Nilimwacha.

Walipomaliza mama alikwenda kwa yule wa kushoto, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. Hata hivyo haikutosha kuufunika. Akaniambia nitafsiri na nisipunguze neno.

"Muambie: uyu nilimubeba mu mugongo. Nilitembea naye, mpaka tukafika, eko muzima. Sasa eko mukubwa, mugongo yangu haimuwezi tena." Akapumua. "Muambie, sasa mugongo njo beye."

Nilitafsiri. Nilipofika kwenye mgongo, kwamba sasa mgongo ni wao, nikasita, kwa sababu Kiingereza cha mgongo ni bek. Ni neno lile lile. Lile lile nililoligombania kanisani na harusini miaka yote. Nikalisema. Yule mtu alikuwa na sombe kwenye ndevu. Aliinamisha kichwa chake mpaka kikawa chini ya mdomo wa mama, na mama akakiwekea mkono, akaomba.

Mama amerudi Louisville, kwenye mashuka yake. Kila Jumapili nikitoka uwanjani simu inaita, na matokeo hajawahi kuniuliza.

"Ameanguka?"

"Ameanguka, mama. Mara nyingi leo."

"Bamemunyanyua?"

"Wamemnyanyua."

"Bon," anasema, na anakata simu kabla sijamaliza kulalamika.