Uji wa Mzazi

Esnath, mkulima wa viazi kule milimani juu ya Uyole, hakujua kupenda nusunusu. Akikupenda, atakulisha mpaka uombe msamaha. Mumewe, mzee Fanueli, alikwisha kukata tamaa ya kufunga vifungo vya koti lake.

Basi Sabina, ng'ombe wao pekee, aliyelelewa naye kwa chupa tangu udogo, alipozaa ndama wake wa kwanza, Esnath alimtendea kama mama mkwe wake alivyomtendea yeye alipojifungua. Mzazi hulishwa. Alikoroga ndoo nzima ya uji wa mahindi, akaupoza, akampelekea. Sabina akalamba mpaka chini. Kwa furaha akamwongezea ndoo ya pili, na mahindi yaliyoparazwa chengachenga juu yake. Majani aliyaweka kando. Nani humpa mzazi majani?

Kesho yake Sabina aligoma kula. Hakucheua. Tumbo lilimvimba, akaharisha maji yenye harufu ya uchachu, kisha akalala chini akisaga meno.

Ambokile, bwana mifugo, alifika akamgusa ubavu.

"Mama, amekula nini huyu?"

"Uji, baba. Si ni mzazi?"

Ambokile akavua kofia. Alimweleza taratibu kwamba tumboni mwa ng'ombe wamo vijidudu wanaovundisha majani, na nguvu zake nyingi hutoka kwao. Unga ukiwaingilia mwingi kwa ghafla, tumbo huchachuka, vijidudu hao hufa, na ule uchachu huingia mpaka kwenye damu. Unga huongezwa kidogo kidogo, na majani hayakosekani.

Alimnywesha magadi, akamchoma sindano. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Jioni Sabina alikata roho, kichwa kikiwa mapajani mwa Esnath.

"Kwa hiyo nimemuua mimi," alisema.

Ambokile alijifanya anatafuta glavu zake.

Fanueli akaja kuketi karibu na mkewe. Mzee huyu, chumvi ikizidi tu, majirani wote husikia. Esnath aliinamisha kichwa, akangoja.

"Hata mimi ningempa uji, Mama Lusia."

Hapo ndipo Esnath alipolia. Afadhali angemgombeza, angepata wa kumkasirikia. Ndama naye akaanza kulia njaa. Esnath aliinuka amwendee, akasimama mlangoni mwa banda lake. Alikuwa anaogopa kumlisha.