Mama Anayeletewa Habari Mbaya

Saa moja asubuhi, mjini Pittsburgh, Marekani, Lorraine Kosko anafiwa tena na mwanawe.

Yuko nyuma ya mlango wa nyumba ya kukodi, aproni kiunoni, anasubiri wapelelezi wagonge. Katika tamthilia za mauaji zinazorekodiwa hapa mjini, kazi yake ndiyo hiyo: kufungua mlango, kuambiwa mtoto ameuawa, kuangua kilio.

"Nimefiwa na watoto wengi mpaka padri wetu ananitania," anasema akicheka. "Na sijazaa hata mmoja!"

Siku nyingine huendesha basi la shule, maana kulia pekee hakulipi kodi ya nyumba. Lakini usimwonee huruma. Mwanamke huyu kazi anaijua, na anajua kwamba anaijua.

Anachokitaka ni kimoja: nafasi ya mkuu wa wapelelezi katika tamthilia hii anayoigiza leo, nafasi ambayo bado haijapata mtu. Wakala wake, Walt Dudek, alimvunja moyo kwenye simu.

"Lorraine, mama, sura yako ni ya kuletewa habari, si ya kuzipeleka."

"Na yako ni ya nini, Walt? Ya kula jasho langu?" alimjibu, akakata simu.

Leo mwongozaji, Desmond Akers, anataka mayowe. Lorraine ameshapiga mawili, na kijana hajaridhika.

"Basi niachie mara moja nifanye ninavyojua mimi."

"Haya, mama. Mara moja tu, muda unatukimbia."

Mlango unagongwa. Anafungua. Mpelelezi anavua kofia, anatamka maneno yake. Lorraine hapigi yowe. Anatazama viatu vya mgeni.

"Futa miguu," anasema taratibu. "Nimetoka kupiga deki."

Lo! Mpelelezi, mwigizaji wa miaka mingi, anasahau kinachofuata. Anafuta miguu kweli, machozi yakimtoka. Desmond anasimamisha kamera.

"Umeyatoa wapi hayo, mama?"

"Kwa mama yangu. Polisi walipokuja kutuambia kaka yangu Ray amekufa, ndivyo alivyowaambia. Kulia alilia baadaye, peke yake jikoni." Anajipangusa macho, na safari hii haigizi. Kisha papo hapo: "Sasa, mwanangu, ile nafasi ya mkuu wa wapelelezi. Nataka unisaili."

Desmond anashangaa. "Walt aliniambia hutaki kuigiza kitu kingine ila akina mama."

"Walt? Mwongo mkubwa yule!"

"Basi njoo Jumatatu. Na usije naye."

Lorraine anavua aproni na kumkabidhi msichana wa mavazi. Ukimuuliza atamwigizaje huyo mkuu, hasiti hata kidogo.

"Miaka yote hii wananipa habari, halafu wanakimbilia gari lao," anasema. "Mimi siondoki. Nitakaa na mama wa watu mpaka jirani aje."