Vine kila Posho

Tangu kiwanda kifungwe, Shakuru hakuukumbuka mshahara kama alivyoikumbuka posho. Saa sita ikigonga kule Zone Industrielle, mafundi wa mitambo ya kufuma walilizunguka beseni la ugali na maharage, mikono yote ndani. Ni huko magamba meupe yalikomwanza viwikoni, yakateremka hadi vidoleni. Télesphore, mwenzake wa mtambo wa pili, alimtania: "We Shakuru, unabambuka kama ukuta wa ofisi ya commune!" Kisha akaendelea kumega palepale alipomega yeye. Eh, watu wale! Mahali pao hapajazibwa hadi leo.

Mtaani Buyenzi hakuna aliyemtania. Walimsalimia kwa mbali, na karamuni walimletea sahani yake peke yake, kwa heshima iliyouma kuliko tusi. Daktari alikuwa amemwambia kuwa ugonjwa huo, psoriasis, hauambukizi, lakini nani angemzungukia mtaa mzima kuwaeleza? Basi binti yake Asiya alipochumbiwa, Shakuru aliapa kwamba siku ya harusi atakula sinia moja na wakwe, mkono wake ukiwa safi.

Daktari akamwandikia vidonge vidogo vya manjano, maelezo yote kwa Kifaransa, lugha ambayo Shakuru hakuisoma. Muuza dawa wa mtaani, Pontien, mzaliwa wa Uvira, akamsomea.

"Mzee, utakunywa vine kila posho. Usisahau."

Asahau vipi? Kwake posho ilikuwa mlo wa mchana, kila siku ya Mungu. Saa sita anameza vine, anatabasamu peke yake akiwakumbuka wenzake wa beseni. Siku ya tano mdomo ukawaka moto. Siku ya nane ulimi ulijaa vidonda, fizi zikatoa damu, homa ikampanda, na mkewe Houda akamkimbiza hospitali kule Kamenge. Houda aliposikia daktari akiuliza nani alimwelekeza kumeza vidonge hivyo, alimpigia simu Pontien, naye akaja mbio.

"Mi nilikunywa kila posho," Shakuru akasema kwa taabu. "Sikuruka hata moja."

Pontien akashika kichwa. "Mzee wangu! Kwetu posho ni semaine, wiki nzima! Mara moja kwa semaine!"

Dawa ilikuwa imeanza kuua damu yake ndani ya mifupa. Siku chache zaidi, alisema daktari, na wangemzika. Wiki mbili alilala na dripu mkononi. Télesphore alikuja, mvi tupu, akakaa kitandani bila kuuliza.

"Umekula posho ya miezi miwili kwa siku nane," akasema, "na hukutuachia hata tonge!"

Shakuru alicheka mpaka midomo ikapasuka, akalia pia, maana tangu kiwandani hakuna aliyemchokoza hivyo.

Dawa ikasimamishwa, na magamba yakarudi kabla ya harusi, mengi kuliko mwanzo. Siku yenyewe, pilau lilipoandaliwa, Houda akamnong'oneza: "Baba Asiya, nikutilie pembeni?"

"Apana."

Akanawa, akaliendea sinia la wakwe. Mgeni mmoja akautazama mkono ule, akainuka polepole kama aliyeitwa nje. Shakuru akamshukuru kwa kumpisha, akakaa mahali pake, akasema Bismillahi, akamega.