Koma Iliyochelewesha Barua ya Bibi

Juzi niliandika barua ya mistari minne kwa Kiingereza, na mistari hiyo ikanilia asubuhi nzima. Nicheke tu, rafiki yangu, nimezoea. Kulikuwa na kielezi mwanzoni mwa sentensi, na mimi nikikutana na kielezi mahali hapo kalamu inasimama: niweke koma au nisiweke? Nikaweka, nikafuta, nikaweka tena, hadi karatasi ikatoboka. Ndipo iliponirudia harufu ya pasi ya makaa, na Kadutu, mtaa wetu wa kilimani juu ya ziwa, ya miaka ile kabla ya Uhuru, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na mitatu.

Kiingereza hakuna aliyenifundisha. Shuleni kwa masista tulisoma Kifaransa. Kitabu cha Kiingereza nilikipata kwa jirani yetu, fundi wa nguo aliyewahi kufanya kazi Kampala; alikuwa anachana kurasa zake kufungia vifungo. Nilimfagilia kibaraza mwezi mzima ili anipe kilichobaki. Nilikisoma jikoni, maharagwe yakichemka, na nilikipenda kwa sababu kilikuwa na kanuni. Kielezi kinachosema tendo lilifanyikaje, kama "slowly", yaani polepole, kikae karibu na kitenzi chake bila koma. Kielezi kinachobeba maoni ya mwandishi, kama "fortunately", yaani kwa bahati nzuri, kikifungua sentensi kifuatwe na koma. Raha gani hiyo! Kila neno na kiti chake. Kisha nikafika penye "sometimes", wakati mwingine, na kitabu, bila haya, kikasema: hapa waweza kuweka koma, waweza kuiacha. Waweza! Hata leo nakasirika. Mtu afagie mwezi mzima aambiwe "waweza"?

Wakati huo bibi yangu alikuwa anapoteza macho. Tulilijua kwa maharagwe: zamani alichambua lisibaki jiwe hata moja, sasa tulitafuna mawe na kunyamaza. Binti yake wa mwisho, mama yangu mdogo, alifanya kazi katika hospitali moja huko Uganda. Alikuwa ametuma neno kwamba mkubwa wake, mama mmoja Mwingereza, hatampa ruhusa mpaka aone barua ya nyumbani anayoweza kuisoma mwenyewe. Bibi alitaka jambo moja tu: auone uso wa binti yake kabla giza halijafunga.

Kazi ikawa yangu. Barua za Uganda zilibebwa na shofere wa lori la kahawa. Kila Ijumaa alisimama mbele ya mlango wa fundi, akazipanga ndani ya kofia yake, akaivaa, akaondoka. Alhamisi barua yangu ilikuwa imekwisha, isipokuwa sentensi moja: wakati mwingine bado analiona ziwa. Ilianza na lile neno.

Ijumaa honi ikalia.

"Barua iko wapi?" fundi akaita. "Shofere anakungoja!"

"Bado, papa. Kunabaki koma."

"Weye! Shati imeisha, mutu anatetemeka na baridi, na weye unatafuta kifungo!"

Watu wakacheka. Bibi akatoka mlangoni, akipapasa ukuta.

"Hiyo koma iko nini, mwanangu?"

"Kamustari kadogo, tate," nikamjibu bibi. "Kama kucha ya kuku."

"Yule Muzungu ataiona?"

"Ataiona."

"Basi ni yeye na weye. Miye sitaiona."

Nilimsikia vizuri, na bado nikasema: Ijumaa ijayo. Acha nikiri. Sikuchelewa kwa kumheshimu bibi. Nilikuwa namwogopa Mwingereza nisiyemjua, asije akamcheka mtoto wa Kadutu. Na bibi, aliyeiheshimu karatasi kuliko ilivyostahili, hakunilazimisha.

Wiki ile mvua ikakata njia. Ijumaa tano hatukusikia honi. Barua iliondoka ya sita, bila koma. Si kwamba nilikuwa nimejua, nilikuwa nimechoka.

Mama mdogo alipofika, bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akaupitia polepole kwa vidole, kuanzia paji la uso, kama mtu anayetafuta mawe katika maharagwe.

"Umekonda," akasema.

Mama mdogo akamtazama, akalia. "Lakini mama, barua ilisema wakati mwingine unaona ziwa."

"Ile siku ya kuandika ilikuwa kweli," bibi akajibu.

Hakunitaja jina. Akaomba tu nimwelezee nguo aliyovaa binti yake, na mimi, bingwa wa maneno, nikaanzia kwenye vifungo.

Siku hizi mlango wa fundi unauza chumvi na sabuni. Lori halisimami tena, na bibi tumeshamzika. Kitabu ninacho, na ukurasa ule haujabadilika: waweza kuweka, waweza kuiacha. Barua yangu ya juzi niliipeleka kabla posta haijafunga, na tundu lake pale penye koma.