Onyo Alilopewa Abdulwahab

Fauzia wa Msambweni ni mwanamke mwenye salamu, hapiti mkubwa bila kumwamkia. Lakini kwa miaka, jina la Abdulwahab likitajwa mbele yake, alikuwa akianza kufuta mikono, hata kama haikuwa na grisi.

Zamani alikuwa fundi katika gereji ya Abdulwahab, Ukunda. Siku moja lori la mteja likafia njiani, kwa kuwa boliti ya kumwagia oili ilikuwa haikukazwa, ikadondoka. Aliyesahau kuikaza ni Abdulwahab mwenyewe. Mteja alipokuja akifoka, Abdulwahab akamnyooshea Fauzia kidole mbele ya watu.

"Kazi ilikuwa ya huyu," akasema. "Ndiyo hasara ya kumpa mwanamke spana."

Watu wakacheka. Maneno yale yalienea Ukunda nzima, asipatikane mtu wa kumwachia hata pikipiki. Akarudi kwao Msambweni, akawa anakaanga viazi kando ya barabara pamoja na shoga yake Mishi, moyo ukimtokota kuliko karai. Pole pole vijana wa bodaboda wakaanza kumletea pikipiki zao, kisha wenye magari nao wakaja. Akajenga gereji yake ya mabati ubavuni mwa meza ya Mishi.

Basi asubuhi moja pikapu ya dizeli, kuukuu lakini imeng'arishwa, ikaingia pale injini ikigonga. Nyuma ilikuwa imejaa barafu ya kupeleka Shimoni kuhifadhia samaki. Aliyeshuka alikuwa Abdulwahab.

"Salaam aleikum, Fauzia."

"Waaleikum salaam. Karibu, Bwana Abdulwahab."

"Taa ya oili imewaka, haitaki kuzima. Sensa ya kupimia presha nimebadilisha, oili nzito nimetia. Nipe oili niongeze tu, barafu yangu yayeyuka."

Fauzia hakumpa oili. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imepita alama ya juu. Gari lenye upungufu wa presha, na oili imezidi! Akaisugua kwa vidole, ikateleza nyepesi kama maji. Akainusa. Dizeli.

Hakutaka kubahatisha. Akaifungua ile sensa mpya, mahali pake akafunga geji yake ya presha, akawasha injini. Sindano ikainuka kidogo, ikatetemeka, ikarudi kulala karibu na sufuri. Taa haikuwa ikidanganya. Ubavuni mwa injini kulikuwa na pampu ndogo ya kuvuta dizeli, ya mtindo wa kizamani, yenye utando wa mpira ndani. Utando ukichanika, dizeli huvujia kwenye oili, na oili iliyochanganyika namna hiyo haiwezi tena kulinda vyuma. Ilikuwa kazi ya kumalizika kabla ya adhuhuri.

Fauzia alimjua mtu wake. Lau angemvuta pembeni akamnong'oneza, Abdulwahab angesikia. Akawatazama vijana wa bodaboda waliokuwa wakinywa chai kwa Mishi, akapaza sauti.

"Bwana Abdulwahab! Fundi mzima wa Ukunda, hujanusa oili yako? Imejaa dizeli! Utando wa pampu umechanika. Ukienda na gari hili Shimoni utaua injini. Liache hapa, mwanamke akutengenezee!"

Kisha akacheka. Vijana nao wakaangua kicheko, mmoja akapiga meza.

Uso wa Abdulwahab ukaiva. "Mimi nifundishwe kazi na wewe? Gari langu nalijua." Akafunga boneti kwa kishindo.

"Nimekuonya," Fauzia akasema, safari hii kwa upole, kwa kuwa alijua sasa hata upole hautamrudisha. "Na hawa wote wamesikia."

Pikapu ikaondoka. Mishi akamsogelea.

"Shoga, si ungemwambia taratibu?"

"Nimemwambia kweli."

"Umemwambia. Lakini ulitaka aikubali?"

Fauzia akaomba chai. Aliinywa akisikiliza ule mgongo-mgongo wa injini ukipotelea upande wa kusini.

Pikapu haikufika Shimoni. Habari ililetwa na kijana wa bodaboda: injini ilipiga kelele, ikakwama kabisa, beringi zimeungua, na Abdulwahab amekaa kando ya barabara barafu ikimchuruzikia miguuni. Fauzia akamtaka asimulie tena, tangu mwanzo, wala asiruke kitu.

Ukunda maneno yakageuka. Alionywa akakataa, watu wakasema. Basi gari la mtu mwengine atalijulia wapi? Wateja wakaanza kumpita. Baadhi yao wakawa wanakuja mpaka Msambweni, na Fauzia akawapokea wote, hasa wale waliowahi kumcheka.

Miezi ikapita. Kwenye harusi moja huko Diani, Fauzia akakutana na Bi Mwanapili, mamake Abdulwahab.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bi Mwanapili akamshika mkono asiuachie. "Nasikia ulimwonya mwanangu. Allah akulipe. Ni mkaidi yule, tangu mdogo."

Fauzia alihisi vidole vya yule mama, vyepesi, juu ya vyake.

"Nilifanya nilivyoweza, mama," akajibu.

Katika kisa chote kile, hapo tu ndipo aliposema uongo. Akamsogezea Bi Mwanapili sahani ya pilau, naye mwenyewe akajipakulia, akala akashiba.